Kitabu cha nyongeza cha zamani: mwongozo kamili wa kukitoa kabatini na kukichezesha mezani

Kwa mji kama Dodoma, ambao wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, kama Dungeons & Dragons, wanaenea kwenye Hiace moja na viti vikabaki, swali la kwa nini kitabu cha nyongeza cha zamani hakichezeki limenifikia mara nyingi mno. Mtu ananunua kitabu cha nyongeza cha miaka ya 70 au 80, yaani kile cha mahali, viumbe na majedwali ya kuongezea kwenye sheria za mchezo, anakiprinti, anaita rafiki zake Jumamosi jioni nyumbani kwake Kisasa au Nkuhungu. Ikifika saa mbili usiku mchezo umeshakufa. Mmoja anaperuzi simu, mwingine ameaga kwenda kununua chipsi na hajarudi mpaka leo. Mwenye kitabu anakuja kwangu na lawama: maneno machache, hadithi hakuna, namba zimekaa kinyumenyume.

Mimi nilianguka hivyo hivyo. Usiku wangu wa kwanza niliwasomea watu utangulizi kwa dakika 40, neno kwa neno, kama mwalimu wa zamu anayesoma matangazo mstarini. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba kitabu kile ni ghala. Unaingia na kapu, unachukua cha kupika leo, unafunga mlango. Thamani yake yote imo kwenye ramani, orodha, majedwali na nafasi zilizoachwa wazi makusudi ili wewe ujaze.

Mwongozo huu ni wa anayeujua mchezo angalau kwa juu: mchezaji mmoja ni mwendeshaji, anaeleza mahali na hali, wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika anafanya nini, dadu zinaamua palipo na shaka. Kama hilo ni geni kabisa kwako, kaa kwanza kwenye meza ya mtu mwingine jioni moja, kisha urudi hapa.

## Mahitaji

Kitabu cha nyongeza kimoja. Kimoja tu. Vingi vya wakati ule ni vyembamba, kurasa 32 au pungufu. Nakala halali za PDF zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kawaida, hivyo usihangaike na nakala za karatasi za toleo la kwanza. Zile bei yake ni ya wakusanyaji, na hazichezeki vizuri zaidi.

Kitabu cha sheria. Nyongeza haisimami peke yake. Basic Fantasy inapakuliwa bure na inapatana na karibu kila nyongeza ya zamani ya Dungeons & Dragons. Hiyo ndiyo ninayoitumia kwenye mifano ya hapa.

Dadu. Za pande 6 zipo kwenye maduka ya vifaa vya michezo, au chomoa kwenye ludo ya watoto, unahitaji tatu. Ya pande 20 ni ngumu kupatikana Dodoma. Kusanya vizibo 20 vya soda, andika 1 hadi 20 kwa kalamu ya maka, tia kwenye soksi nene. Unatikisa, unachomoa kimoja, unasoma, unakirudisha. Kukirudisha ni lazima, la sivyo anayechomoa mwisho anajua kilichobaki. Ukihitaji dadu ya pande 8, tumia vizibo 1 hadi 8 kwenye soksi nyingine. Ya pande 4, rusha ya pande 6, ikija 5 au 6 rudia. Programu za simu zinazorusha dadu zipo, ila mchezaji akishashika simu umempoteza.

Daftari la miraba au karatasi za grafu, penseli, ufutio. Zile za grafu za shule ya sekondari zinatosha.

Mawe manne ya ukubwa wa limao. Nazungumza kwa uzoefu. Ukicheza barazani mwezi wa saba, upepo wa Dodoma utakupelekea ramani mpaka Chamwino.

## Hatua ya 1: Kipime kitabu kwa dakika 10 kabla ya kukilipia

Fungua kurasa za mfano na utafute vitu vitatu: ramani yenye namba, orodha ya vyumba au mahali yenye aya fupi, na angalau jedwali moja la kurushia dadu. Vikiwepo viwili, nunua. Ukikuta aya ndefu zinazokuambia wachezaji *watafanya* hiki kisha *watakwenda* kule, acha. Hicho ni cha msomaji wa peke yake kitandani.

Kuna aina tatu ambazo sijawahi kujutia.

Ya kwanza ni ya pango lenye vyumba. *In Search of the Unknown* ya Mike Carr inafundisha vizuri kuliko nyingine zote, kwa sababu vyumba vyake vimeelezwa lakini nafasi ya kiumbe na ya hazina imeachwa tupu. Viumbe na hazina vimeorodheshwa pembeni, wewe unapanga. Watu wanaifungua na kudhani wameuziwa kitabu ambacho hakijaisha. Lakini ukishaipanga mwenyewe unakuwa umeshaijua kwa moyo.

Ya pili ni ya nchi ya kupekua, kama *The Isle of Dread* ya 1981, yenye ramani ya vipande vya pembe sita unavyovuka kimoja kimoja. Kwa mtu aliyekulia kwenye nyika ya katikati mwa Tanzania, hii inaingia kichwani haraka.

Ya tatu ni ya orodha tupu. Mchezo wa anga wa Traveller una nyongeza ya 1980 iitwayo *76 Patrons*: watu wenye kazi za kuwapa wachezaji, na chini ya kila kazi kuna maelezo kadhaa ya ukweli uliojificha, unarusha dadu kujua upi ni wa kweli leo. Bosi yule yule, mzigo ule ule, lakini safari hii sanduku lina dawa, safari ijayo lina mtu. Vyombo vya angani vivue, weka malori ya Singida, kazi inaendelea.

Tahadhari ya steshenari. Ramani nyingi za TSR, kampuni iliyochapisha Dungeons & Dragons miaka ile, zilichapwa kwa bluu hafifu. Mashine ya kopi haiipendi bluu hiyo. Nilipeleka yangu, binti wa steshenari akanirudishia karatasi nyeupe akisema, "Kaka, hii yako haina kitu." Mwambie aongeze giza kabla ya kutoa, na utoe ukurasa mmoja wa majaribio. Ikishindikana, ichore upya kwa mkono. Ni kazi ya nusu saa na itakusaidia kwenye hatua inayofuata.

Umefaulu ukiwa na kitabu ambacho unaweza kumweleza mtu kwa sentensi moja: "Ni mapango yenye makundi manne yasiyoelewana, karibu na ngome."

## Hatua ya 2: Kisome kuanzia nyuma

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na ramani. Usisome maandishi yoyote. Fuata njia kwa ncha ya penseli kana kwamba wewe ndiye mchezaji: unaingia wapi, njia inagawanyika wapi, wapi unaweza kuzunguka na kutokea nyuma ya mtu. Tia alama ya nyota kila penye njia mbili za kufika. Nyota zikiwa chini ya tatu, ramani hiyo ni barabara tu, na wachezaji wako hawatakuwa na la kuamua.

Kisha orodha ya vyumba. Kwa kila chumba andika mstari mmoja kwenye karatasi yako, usizidishe maneno kumi. Mwiko kunakili aya. Chumba kinachochukua nusu ukurasa kitabuni, kwenye karatasi yangu kinasomeka hivi:

*7. Ghala. Magunia yameoza. Vibwengo 4 wanacheza bao. Funguo chini ya gunia.*

Kumi na moja, lakini nimejisamehe. Angalia kilichomo: kinachoonekana, aliyepo na anachofanya, kilichofichwa. Hilo la katikati ndilo vitabu vya zamani husahau mara nyingi. Vitakuambia "wapo 4" na kunyamaza. Viumbe wanaosimama katikati ya chumba wakisubiri kuuawa wanaua mchezo kabla yao. Wape kazi: wanakula, wanagombana, mmoja anaumwa jino.

Halafu majedwali. Mwisho kabisa utangulizi, na uusome ukiwa umeshajua unatafuta nini humo. Mara nyingi utachukua sentensi mbili.

Sababu. Mezani hutakuwa na muda wa kutafuta aya. Mchezaji akisema "nasukuma mlango", una sekunde tatu.

Tahadhari. Usiandae vyumba vyote. Kundi la watu wanne kwa saa tatu hupita vyumba sita hadi kumi. Andaa kumi na mbili vilivyo karibu na mlango, vingine vitakusubiri.

Umefaulu ukiwa na karatasi moja ya A4, upande mmoja, na kitabu ukiwa umekifunga.

## Hatua ya 3: Nyoosha namba

Malalamiko ya "namba ziko kinyume" yanahusu namba ya kinga. Zamani, kinga nzuri ilikuwa na namba ndogo: asiye na vazi la vita ana 9, mwenye deraya nzito na ngao ana 2. Sheria za sasa zinakwenda kupanda.

Toa namba ya zamani kwenye 20. Asiye na vazi: 20 − 9 = 11. Mwenye deraya na ngao: 20 − 2 = 18. Hizo ndizo utakazozitumia na Basic Fantasy. Mshambulizi akirusha dadu ya pande 20, akajumlisha bonasi yake ya kushambulia, akafika namba hiyo au kuizidi, amepiga.

Hapa pana mtego. Vitabu vya tawi la Dungeons & Dragons lililoitwa Advanced huanzia 10 kwa asiye na vazi, siyo 9. Hivyo toa kwenye 21. Jina la tawi lipo kwenye jalada. Litazame kabla hujapiga hesabu za viumbe thelathini, kama nilivyofanya mimi, kisha nikazifuta zote.

Umbali umo katika futi. Mraba wa futi 10 ufanye mita 3, usihangaike na desimali.

Pointi za uzoefu zinataka uzielewe, maana ndizo zinazoamua watu watacheza vipi. Katika sheria za msingi za Dungeons & Dragons za 1981, zimwi la kawaida linalipa pointi 10, tena mnagawana. Hazina ya dhahabu 200 ikifika salama nyumbani inalipa 200. Mpiganaji anahitaji 2,000 kupanda ngazi ya pili. Piga hesabu mwenyewe: anayepigana na kila anayemkuta atakufa maskini, anayenyata, kudanganya na kupatana atapanda. Waambie wachezaji hili kabla ya kuanza. Usipowaambia wataleta tabia za michezo ya simu na watamalizwa chumba cha pili.

## Hatua ya 4: Hamisha mahali, usivunje nyumba

Wachezaji wangu hawajawahi kuona theluji wala mbao za mwaloni. Nikisema "ngome ya mpakani kwenye msitu wa baridi", naona macho yanatoka nje. Nikisema "boma la mwisho lenye kisima kabla ya Marenga Mkali", wanakaa sawa.

Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali pasipo na maji ya kunywa, ikaingia Ugogo. Huko watemi waliomiliki visima walidai hongo ya nguo na shanga ndipo watu wapite. Ukitoka Ugogo kwenda magharibi unakutana na pori lingine, Mgunda Mkali. Tazama hapo ulivyopewa: njia, ukame, visima, watu wenye haki ya kudai malipo, mizigo ya thamani. Ramani ya pembe sita inajijaza yenyewe.

Badilisha vitu vitatu tu.

*Sura.* Nyumba za mawe na paa za mteremko ziwe tembe, na paa tambarare la tembe lina faida: mtu anaweza kukaa juu yake na upinde. Mapango yaache, Dodoma ina majabali ya kutosha, mtu yeyote aliyepita karibu na Mlima wa Simba anakuelewa.

*Viumbe.* Namba zibaki, majina yabadilike. Kile kidogo ambacho pointi zake za uhai zinarushwa kwa dadu ya pande 4 nakiita kibwengo: kinga ya zamani 7, yaani 13. Chenye uhai wa dadu moja ya 8 ni zimwi: kinga 6, yaani 14. Lile la mlango wa mwisho, ambalo halina mazungumzo, ni nunda. Kila mtu mezani alishamsikia nunda kwa bibi yake, huhitaji kueleza chochote.

*Fedha.* Nimeweka doti moja ya merikani, ile nguo ya pamba ya misafara, kuwa sawa na dhahabu 10. Ghafla hazina ni robota la nguo, linabebwa na watu wawili, na wachezaji wanaanza kubishana nani abebe na nani ashike mkuki. Sarafu mfukoni hazijawahi kuleta mabishano matamu kama hayo.

Tahadhari mbili. Vitabu vya zamani vina kasumba ya kuweka "makabila maovu" yanayouliwa bila swali. Usichukue zimwi ukalivisha mavazi ya Wagogo, Wamasai, Wasandawe au watu wowote walio hai. Zimwi libaki zimwi. Watu wawe watu, wenye visima vyao na sababu zao. Vilevile usizike hazina ya mchezo kwenye miamba ya michoro ya Kolo, Kondoa. Pale watu bado wanakwenda kutambika. Tunga jabali lako, lipe jina la kubuni, hakuna atakayekudai.

Na usibadilishe zaidi ya hayo matatu. Jaribio langu la kwanza nilibadilisha mpaka ramani, nikaongeza stesheni ya reli, nikajikuta nimeandika kitabu kipya usiku wa manane na kile nilichonunua hakina kazi.

## Hatua ya 5: Andaa majedwali matatu

La njiani. Katika sheria zile za 1981, zamu moja ni dakika 10 za ndani ya mchezo, na kila zamu mbili mwendeshaji anarusha dadu ya 6. Ikija 1, kuna kitu kinakuja. Kitabu chako kina orodha ya vitu hivyo, ila mara nyingi ni majina ya viumbe tu. Andika yako sita, na angalau nne zisiwe vita. Hii ndiyo yangu ya sasa:

1. Fisi 3 wananusa nyuma yenu, hawakaribii mpaka mtu aumie.
2. Mpagazi aliyetoroka msafara, ana kiu, anajua njia moja.
3. Vibwengo 5 wanahamisha kitu kizito. Wanaomba msaada.
4. Harufu ya mlenda unaochemka. Hakuna moto unaoonekana.
5. Zimwi mlinzi, amelewa, anatafuta mkuki wake.
6. Upepo. Mienge yote isiyo na mtu wa kuikinga inazimika.

La mapokezi. Wachezaji wakikutana na mtu au kiumbe ambaye kitabu hakijasema ana hasira, rusha dadu mbili za 6, ujumlishe. 2: anashambulia. 3 hadi 5: mkali. 6 hadi 8: hajaamua. 9 hadi 11: yuko tayari kusikiliza. 12: anawapenda. Kati ya njia 36 za dadu kuanguka, moja tu inaleta 2, na 16 zinaleta 6 hadi 8. Maana yake karibu nusu ya wote mtakaokutana nao hawajaamua, wanangoja kusikia mnasema nini. Jedwali hili moja limeokoa meza yangu kuliko kanuni nyingine yoyote, na ndilo la kwanza watu kuliruka.

La ari. Kila kiumbe ana namba ya ari, kati ya 2 na 12. Kibwengo ana 6, zimwi 8. Mwenzao wa kwanza akianguka, na tena wakishapungua nusu, rusha dadu mbili. Jumla ikizidi namba yao, wanakimbia au wanasalimu amri. Kwa hiyo vita vinakwisha haraka, na unapata mateka, na mateka ana mdomo.

Umefaulu ukiwa umeyaandika yote matatu nyuma ya ile A4 yako.

## Hatua ya 6: Wahusika, dakika 15

Rusha dadu tatu za 6, mara sita, moja kwa kila sifa ya mhusika kama nguvu na akili, andika kwa mpangilio zilivyokuja. Chagua kazi yake, kama mpiganaji au mchawi. Chagua vifaa. Jina. Basi.

Usiruhusu mtu aandike historia ya mhusika wake kurasa mbili. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai wa dadu moja ya 4 na anaweza kufa kwa kuteleza. Kila mchezaji atengeneze wahusika wawili, wa pili abaki boma kama mpagazi. Wa kwanza akifa, wa pili anapokea mzigo na mchezo hausimami.

## Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Anzia mlangoni. Usianzie sokoni, usianzie mtu anapoamka. "Mko mbele ya pango. Jua linazama. Mna mienge minne. Nani anatangulia?" Sentensi ya kwanza iishe na swali.

Gawa kazi: mmoja achore ramani kwa kusikiliza maelezo yako, mwingine ahesabu mienge. Mwenge mmoja unaishi zamu 6, yaani saa moja ya ndani. Chora visanduku 6 kwenye karatasi, kimoja kikatwe kila zamu, mbele ya macho ya wote. Wakati mmoja umeme ulikatika tukiwa chumba cha tano, tukawasha mshumaa, kimya kidogo, kisha dada mmoja, mwalimu wa hesabu, akauliza, "Wetu umebaki visanduku vingapi?" Viwili. Wakageuka kurudi nje bila kujadiliana.

Unapoeleza chumba, sema mambo mawili na unyamaze. Wacha waulize. Ukimya wa sekunde tano unakutisha wewe tu, wao wanafikiri.

Nikuonyeshe jedwali la mapokezi linavyofanya kazi. Kundi langu lilifika kwenye kisima, kikilindwa na mzee mwenye fimbo na vijana sita. Kitabu kiliandika "walinzi 7", basi. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, alikuwa ameshachukua soksi ya vizibo tayari kupiga. Mwenzake akamshika mkono.

"Mbukwa, mzee," akasema, kwa salamu ya Kigogo. "Shikamoo. Tunaomba maji, tuna safari."

Nikarusha mbili kwenye kikombe cha plastiki. 5 na 4. Tisa.

"Marahaba. Maji yapo," nikajibu kwa sauti ya mzee. "Na kisima kina mwenyewe. Mmebeba nini?"

Nusu saa nzima walipatana bei. Doti tatu zilianza kama kumi. Hakuna aliyechomoa kizibo hata kimoja, na mpaka leo wakikutana ndicho wanachokisimulia.

Mchezaji akiuliza jambo ambalo halimo kitabuni, maliza kwa dakika isiyozidi moja: amua uwezekano, rusha dadu ya 6, endelea. Kutafuta sheria kitabuni wakati watu wanasubiri ndiko kunakowatuma kwenye chipsi.

Funga saa tatu zikitimia, hata kama wako katikati ya korido. Watoke nje ya pango kwanza, kwa sababu kundi la wiki ijayo huenda lisiwe watu wale wale. Kazi, misiba, mtu kaitwa Dar na treni ya asubuhi. Wakianza na kumalizia boma kila mara, anayekuja anacheza na asiyekuja hajaharibu kitu.

Umefaulu ukisikia wanajadiliana wao kwa wao na wamekusahau.

## Kikigoma

*Wanapigana na kila kitu.* Rudi hatua ya 3, wasomee hesabu ya pointi tena. Kisha hakikisha unarusha mapokezi. Wengi wanasema wanarusha, hawarushi.

*Wamekwama chumba kimoja.* Rusha jedwali la njiani papo hapo, usisubiri zamu.

*Mmoja anaongea, wengine kimya.* Mpe anayeongea kazi ya kuchora ramani. Mkono ukiwa na kazi mdomo unapumzika.

*Wote wamekufa.* Hutokea. Wahusika wa pili wapo boma, na sasa pangoni kuna mizigo mizuri ya watu wanaowafahamu.

## Hatua ya 8: Asubuhi yake

Chukua dakika 10 kabla hujasahau. Kwenye ile A4 kata waliokufa, hamisha waliokimbia kwenye vyumba vingine, andika nani sasa anawajua wachezaji kwa sura. Chumba kilichobaki wazi, mpe mtu mpya kutoka jedwali la njiani. Mapango yaliyovamiwa hayabaki vile vile. Mazimwi nao wana akili, wataweka mlinzi mlangoni na kuziba ile njia ya nyuma uliyoitilia nyota.

Kisha tia karatasi kwenye faili la plastiki na uliweke juu ya kabati. Juu, siyo chini: mchwa wa Dodoma walinilia ramani ya bluu niliyoichora kwa mkono, wakaacha vyumba viwili na kona ya tatu, na wiki ile ile kundi lilikuwa linataka kuingia cha nne.